Droo nyuma ya kidaka: kuficha pasipoti na dola kwenye dashibodi ya Toyota ya porini

Mwizi anayevunja kioo cha gari la safari ana dakika moja au mbili, na mikono yake inajua njia: droo ya abiria, kisanduku cha katikati ya viti, mifuko ya milango, chini ya mazulia, nyuma ya vizuia jua. Kisha redio. Hapo kwenye redio ndipo maficho mengi hufia, maana watu hupenda kuficha kitu nyuma ya kitu kingine chenye bei. Redio bandia iliyobandikwa mbele ya droo inapendeza sana kwenye picha, ila mwizi wa Dar au Nairobi hatajua kuwa ni bandia hadi ameing'oa, na akiing'oa ameshafika.

Uso wa maficho uwe kitu kisichotakiwa na mtu. Kwenye Toyota nyingi za kazi ngumu kitu hicho kipo tayari: kile kidaka cheusi, kitupu, chini ya redio, ambamo sarafu, risiti za mafuta na kalamu zisizoandika hukaa miaka. (Watu wa pwani waniwie radhi kwa kuazima jina la vidaka vya kuta za nyumba za mawe, halijapatikana linalokaa vizuri zaidi.) Kila mtu anaona mpaka mwisho wake, kwa hiyo hakuna anayejiuliza nyuma yake kuna nini. Kazi yenyewe ni kukifupisha kidaka hicho, kukiunga na droo ya alumini kwa nyuma, na kuvifanya vitoke pamoja.

Nafasi ya redio ina vipimo vinavyofanana karibu dunia nzima: uso wa mm 180 × 50 kwa redio ya ghorofa moja, 180 × 100 kwa ya ghorofa mbili. Toyota huongeza upana wa tundu hadi mm 200 na kuziba pembeni kwa vipande vya plastiki vya mm 10. Gari lenye tundu la ghorofa mbili likifungwa redio ya ghorofa moja, nusu ya chini hubaki kidaka. Kama lako lina skrini kubwa inayojaza tundu lote, ama urudi kwenye redio nyembamba ama uachane na mpango huu. Kurudi nyuma kuna faida yake: redio ya zamani yenye mdomo wa kaseti haimtamanishi mtu.

Wenye Land Rover Defender za zamani msijisumbue. Dashibodi yake iko wazi mno kwa chini, na abiria akiinama kufunga kamba ya kiatu anaona kila kitu. Mahali pa kushughulikia kwenye gari hilo ni masanduku ya chini ya viti vya mbele, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kina ndicho kinachotofautiana gari kwa gari. Toa fremu ya mbele, ingiza kijiti kilichonyooka hadi kiguse kitu kigumu cha kwanza, na upime sehemu tatu: kushoto, katikati na kulia, kwa sababu sanduku la hita halina mgongo ulionyooka. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, uondoe mm 20 za kupumulia. Mpango wetu unakula mm 190: kidaka 55, droo 110, komeo 25. Ukipungukiwa, punguza kidaka hadi 45 na droo hadi 100. Chini ya 95 usishuke, kwani pasipoti ni mm 125 × 88, na lazima ilale bila kulazimishwa.

Kabla ya bisibisi ya kwanza, ondoa hasi ya betri. Hardtop na mikonga mingi ya dizeli (Land Cruiser za kazi, mkonga ukiwa ni ile yenye bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo) ina betri mbili. Ondoa hasi za zote mbili. Subiri angalau sekunde 90, ambao ndio muda Toyota wenyewe wanautaja kwa ajili ya mifuko ya hewa, ndipo uguse dashibodi. Waya na soketi za rangi ya njano ni za mifuko ya hewa: usizikate, usizipime kwa taa ya majaribio, usizifungie kitu. Na usijenge chochote mbele au juu ya mfuko wa abiria, kwa sababu skrubu iliyoko hapo inageuka risasi siku ya ajali.

Fremu ya mbele hushikwa na klipu. Itoe gari likiwa na joto la kawaida. Alfajiri ya Iringa plastiki huwa kavu na masikio ya klipu hukatika. Nunua klipu nne za akiba kabla, na utumie kabari ya plastiki wala si bisibisi bapa, kwani mkwaruzo mmoja pembeni ya fremu ni tangazo. Ndani utakuta boliti nne za kichwa cha 10. Zikitoka, redio na kidaka hutoka pamoja kama kitu kimoja, vimeshikwa na vyuma viwili vya pembeni kwa skrubu ndogo za M5. Hili ni jambo la kushukuru: kazi yote inafanyika mezani, si kwa kichwa kilichoingia chini ya usukani. Hifadhi skrubu hizo za zamani. Skrubu mpya inayong'aa kati ya wenzake waliofifia huonekana na fundi yeyote.

Vifaa ni vichache. Bati la alumini la mm 1.2, kipande cha mm 600 × 300 kinatosha na kubaki. Ribiti za mm 3.2, kama 20. Ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ule mweupe. Felti (kitambaa kizito cha sufi) ya mm 2. Waya wa gia wa baiskeli wenye ganda lake, mita moja. Chuma cha duara cha mm 6, urefu wa 60. Ukanda wa chuma wa mm 2 × 15. Springi mbili za kusukuma, kipenyo mm 10, urefu 30, na moja nyembamba ya kuvaa kwenye kile chuma cha duara. Utepe wa kitambaa wa kufungia nyaya za gari, rangi nyeusi isiyong'aa.

Anza na kidaka. Kigeuze na usome mhuri wa plastiki chini yake. Kikiandikwa ABS, gundi ya epoksi ya mirija miwili itashika vizuri baada ya kupiga msasa. Kikiandikwa PP, hakuna gundi ya dukani ya kuaminika. Itabidi utumie vipembe vya alumini na skrubu. Wengi hukosea hapa, wanabandika PP kwa epoksi, inashika wiki mbili, kisha mgongo wa kidaka unadondokea ndani ya droo Mikumi huko. Kata mgongo peke yake kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, fupisha kuta hadi mm 55, kisha uuchonge mgongo ule ule wa kiwandani uingie ndani ya kuta zilizofupishwa. Kiungo kikikaa kwenye kona ya nyuma, kivuli kinakificha, na vinyweleo vya plastiki ya asili vinabaki. Mgongo mpya wa plastiki laini hujulikana hata kwa tochi ya simu. Kata pia masikio yaliyokuwa yakikifunga kidaka kwenye vyuma vya pembeni, kwa sababu sasa kinatakiwa kuteleza.

Droo inatoka kwenye bati moja la mm 246 × 192: sakafu ya 162 × 110, kuta za pembeni za 42, ukuta wa nyuma wa 42, na ulimi wa mbele wa mm 40 usiokunjwa. Ulimi huo unaingia chini ya mgongo wa kidaka, unalala juu ya sakafu yake, na kufungwa kwa skrubu nne za M4 za kichwa bapa. Juu yake weka kipande cha mpira mweusi, na hakuna skrubu itakayoonekana. Ndani unapata takriban mm 159 × 41 × 107, yaani lita 0.7 hivi. Noti ya dola ni mm 156 × 66, kwa hiyo inalala bila kukunjwa, na hilo lina maana kwa yeyote aliyewahi kurudishiwa noti dirishani kwa sababu ya kunyauka.

Bati la alumini gumu hupasuka likikunjwa kwenye ncha kali. Ibane kati ya mbao mbili ambazo moja umeizungusha ukingo kidogo kwa tupa.

Sasa ala, yaani ganda ambamo droo inateleza. Upana wa nje uwe mm 178, sawa na mwili wa redio, ili ifungwe kwenye vyuma vile vile vya pembeni. Kimo kisizidi 49. Itengeneze kama mfereji: sakafu na kuta mbili, kisha mfuniko wenye kingo za mm 10 zilizokunjwa kwenda chini, ukiingia kwa ndani na kupigwa ribiti kutoka nje. Mkia wa ribiti huchomoza ndani mm 2 hadi 3, na nati za skrubu za M5 nazo zina unene wao. Ndiyo maana droo ina upana wa 162 tu. Ukiijenga droo pana ya kujaza ala yote, itanasa kwenye mikia ya ribiti siku ya kwanza, na utaanza kuitupia lawama springi.

Pengo la karibu mm 7 linalobaki kila upande lijazwe na reli za ubao wa kukatia mboga, zilizokatwa na kupigwa tupa hadi unene wa 6, kimo cha 25, zikiwa na mashimo ya kumeza nati. Plastiki hiyo inateleza bila mafuta na haipigi kelele ikisuguliwa na alumini. Mafuta usiyaguse kabisa: mafuta na vumbi la barabara ni simenti. Ukiona droo inakwama, paka unga wa risasi ya penseli.

Felti ya mm 2 sakafuni, nyingine mfunikoni. Ukibaki na mchezo wa nusu milimita hadi moja kila upande, umefanya vizuri. Ukiubana zaidi, joto la saa nane mchana litaipanua plastiki na droo itakataa kutoka wakati unaihitaji.

Komeo ndilo moyo wa kazi. Wapo wanaopenda komeo la umeme, lile la sumaku ya volti 12, linalofunguka ukipitisha sumaku mahali fulani. Linafanya kazi, na linaonekana la kisasa. Lakini linahitaji rilei, diodi, fyuzi, na waya unaotoka kwenye boksi la fyuzi kwenda mahali ambapo mchoro wa gari hauonyeshi kitu. Fundi umeme wa kwanza atakayetafuta shoti ataufuata mpaka mlangoni. Tena betri ikifa katikati ya pori, fedha za kumlipa mwenye trekta zimefungiwa ndani. Sumaku tupu za kubana nazo hazifai: zile za kawaida za neodimi huanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi 80, dashibodi iliyoachwa juani hukaribia huko, na dira iliyokaa juu ya dashibodi itakudanganya.

Waya wa baiskeli hauna hayo. Kwenye mgongo wa droo, katikati, piga ribiti ukanda wa chuma wa mm 2 utokeze nyuma mm 20, wenye tundu la mm 7 na pua iliyochongwa mshazari. Ukanda huo unapita kwenye mwanya wa mm 17 × 4 uliokatwa kwenye bati la nyuma la ala. Nyuma ya bati hilo, kile chuma cha duara cha mm 6 kinateleza kwenye vipembe viwili, kikisukumwa na springi yake kuingia tunduni. Ncha yake iwe imekatwa nyuzi 45, ili ukisukuma droo pua inakisogeza chenyewe na kukiacha kirudi. Mkia wake unaungwa na waya wa gia kwa kiungio cha shaba cha nyaya za taa, kilichotolewa kwenye plastiki yake. Ganda la waya liishie kwenye boliti ya M5 iliyotobolewa katikati. Bila kizuizi hicho ganda husogea badala ya chuma, na utavuta hadi kesho.

Springi mbili za kusukuma zikae kwenye kona za nyuma. Zinafanya kazi mbili: komeo likiachia zinaitoa droo mm 12 hadi 15, za kutosha kushika kwa ncha za vidole, na komeo likishika zinaikandamiza droo isicheze. Nguvu ya kama kilo moja kila springi inatosha. Zikizidi, msuguano kwenye chuma cha mm 6 unakuwa mkubwa na waya unachanika nyuzi moja moja. Zikipungua, vumbi litazishinda.

Upitishe waya kuelekea upande wa dereva, usipinde kwa kona ya chini ya sm 5, na uufunge mbali na mhimili wa usukani na mikono ya pedali. Lisilo na mjadala: kanyaga kila pedali hadi mwisho na uzungushe usukani pande zote kabla ya kukaza tai ya mwisho ya kufungia waya. Kitanzi cha kuvutia kifunikwe na utepe wa kitambaa ndani ya fungu la nyaya, na kivutwe kwenda pembeni, kwani cha kuvutwa chini kitafunguliwa na goti. Kisha weka waya wa pili, wa chuma cha pua wa mm 1, kutoka kwenye mkia wa komeo hadi nyuma ya kisahani cha majivu. Huo ni wa siku waya wa kwanza ukikatika. Usipouweka, siku hiyo utang'oa dashibodi nzima mbele ya watazamaji.

Kabla ya kurudisha fremu, sukuma vishikio vya hewa kutoka baridi hadi moto, kutoka usoni hadi miguuni, ala ikiwa mahali pake. Waya za vifuniko vya hewa hupita karibu sana na redio, na ala ikizigusa utapata hita isiyozimika. Nyaya za redio zipande juu, zisiangukie nyuma ya droo: kwenye redio nyingi za dukani waya mwembamba wa njano (huu si wa mfuko wa hewa) una moto muda wote, ukikwanguliwa na ukingo wa alumini fyuzi inakata, na fundi atakayekuja kuangalia atakuta zaidi ya fyuzi. Kingo zote za ala zivishwe utepe. Mfuniko na kuta zake pia uzungushie utepe huo huo mweusi, ili redio ikiibiwa, kinachoonekana chini yake kifanane na bomba la hewa lililofungwa na mtu mvivu.

Majaribio yafanyike kwenye barabara yenye rasta, vile vijimawimbi vya changarawe. Kilomita kumi za Naabi kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, zitakwambia zaidi ya mwezi wa lami. Kelele kavu ya haraka ni chuma kwa chuma, na mara nyingi ni pua ya ukanda ndani ya tundu. Springi zako ni dhaifu. Kelele nzito ya pole pole ni droo inayoruka ndani ya ala, ongeza felti mfunikoni. Mlio wa kama panya ni kidaka kinachosugua fremu. Piga tupa ukingo, usipake mafuta. Kidaka kikichomoza milimita moja kuliko fremu, rekebisha mkao wa ala kwenye skrubu za M5, kwa sababu jicho huona mwanya usiolingana kabla halijajua limeona nini.

Kufungua nako kuna adabu. Mkono wa gia ukiwa mbele, kwenye moja au tatu, droo itaugonga njiani. Weka gia ya pili na breki ya mkono. Zima taa ya ndani. Na usifute kidaka kikang'aa peke yake kwenye dashibodi yenye vumbi la Dodoma. Sarafu zake na risiti zake ziache humo, chache, nyepesi, zisizoporomoka droo ikitoka.

Ndani usiweke kitu kizito. Nusu kilo kwenye rasta inapiga komeo kama nyundo. Simu na betri za akiba za kuchajia hazifai, joto la humo litaziua au zitaliua gari. Dawa vivyo hivyo. Pasipoti, noti na ufunguo wa akiba viingie kwenye mfuko wa zipu pamoja na kijifuko cha kunyonya unyevu, hasa kama bomba la kiyoyozi linapita juu ya ala: Mombasa au Tanga bomba hilo hutoka jasho, na bila sponji ya mm 5 isiyonyonya maji kati yake na mfuniko, matone yataangukia viza yako.

Kwa wanaovuka mipaka, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inayalenga magari yenye mahali pa siri palipotengenezwa kuficha bidhaa, na afisa hana sababu ya kuamini kwamba lako ni la pasipoti tu. Siku ya kuvuka, hamisha vitu, ufunge mfuko wa tumboni, na usafiri na droo tupu. Bora zaidi, chomoa springi na uache kidaka kikivutika wazi. Ukiulizwa, onyesha. Fedha taslimu za kuanzia dola 10,000 au thamani yake hutangazwa, Kenya na Tanzania, ziwe kwenye droo au kwenye soksi.

Karatasi za gari nazo zisikae humo kamwe, wala zile kadi mbili za njano, ya bima ya COMESA na ya chanjo ya homa ya manjano. Hizo huombwa kwenye vizuizi vya barabarani na mipakani, na kuvuta kitanzi huku askari ameegemea dirisha ni kumfundisha njia. Zikae kwenye droo ya abiria, pamoja na noti tatu nne ndogo na simu ya zamani, ili anayevunja kioo apate cha kuondoka nacho.